Gemu gani za Kijapani nianze nazo? Hiragana na katakana nshamaliza, kanji ndo naanza

Nyota_ya_Kana:

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo hasa nyie mliopita hii njia. Najifunza Kijapani mwenyewe nyumbani, hiragana na katakana (zile herufi za sauti, kwa pamoja zinaitwa kana) zimeshakaa kichwani nasoma bila kuangalia chati, kanji (zile alama zenye maana) ninazozijua ni mia na kidogo, sarufi nipo katikati ya mambo ya N5, kiwango cha chini kabisa cha mtihani wa Kijapani wa JLPT, yaani te-form (umbo la kitenzi la kuunganishia) naijua ila nikikutana nayo kwenye sentensi ndefu nasimama kwanza. Sentensi za vitabuni zimenichosha, hii ni kalamu, yule ni mwalimu, nataka kusoma kitu ambacho nina hamu ya kujua kitaishaje, na mimi tangu mdogo ni mtu wa gemu kwaiyo nimeona nianzie huko.

Vifaa nilivyonavyo ni Switch ya zamani (mashine ya gemu ya Nintendo), kaka kaniachia baada ya kununua PS5, na laptopu ya kawaida ya kazini, ram GB 4, kadi ya picha haina, gemu nzito hata haziwaki. Napenda RPG (zile za safari na vita ambapo mhusika wako anakua) na gemu za stori. Za kutisha sitaki kabisa.

Maswali yangu: kila mtu mtandaoni anasema anza na Pokémon kwasababu ni ya watoto, je ni kweli? Nitajuaje gemu ina Kijapani ndani kabla sijatoa hela? Afu ile ya kutafuta kila neno kwenye kamusi mnaifanyaje jamani, maana nilijaribu na gemu ya mdogo wangu nikatumia jioni nzima kwenye mazungumzo ya mtu mmoja tu wa kijijini, nikalala.

---

Mzee_wa_Kaseti:

Karibu sana dada. Hili swali nalipenda, ngoja nikujibu kwa kirefu.

Watu wengi wanachagua gemu kwa kuangalia imetengenezwa kwa mtoto wa miaka mingapi, wakidhani ya mtoto ndo rahisi. Mtoto wa Kijapani wa miaka 7 anajua maneno maelfu kwa kusikia, kasoro yake ni kanji tu, wewe ni kinyume chake, kusoma herufi unajua ila maneno huna. Kwaiyo kinachomsaidia yeye sio lazima kikusaidie wewe. Mimi ninachoangalia ni namna maandishi yenyewe yanavyokaa kwenye skrini.

Cha kwanza, je maandishi yanasubiri? Yaani sentensi inatokea inabaki pale mpaka ubonyeze kitufe, au inapita yenyewe huku unakimbizwa na adui? Kwa anayeanza, gemu isiyosubiri achana nayo hata kama stori yake tamu namna gani.

Cha pili furigana, zile kana ndogo juu ya kanji. Hapa ndo pa kuweka nguvu kuliko pote, kwasababu kanji yenye furigana unaweza kuiandika kwenye kamusi ukaipata sekunde hiyohiyo, isiyo na furigana inabidi uichore au uipige picha. Gemu nyingi za Nintendo za familia nzima zinayo. Zelda Breath of the Wild ya 2017 inayo na ipo kwenye hiyo hiyo Switch yako, Link's Awakening inayo, Super Mario Odyssey inayo japo maneno yake machache. Yo-kai Watch ya Level-5 ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi kwaiyo furigana imejaa, na stori yake ni ya mtaani, mtoto anatoka nyumbani anaenda dukani, anaongea na jirani, maneno ya kila siku.

Cha tatu sauti. Sauti na maandishi vikienda pamoja sikio linajifunza bila wewe kulituma. Lakini gemu yenye vyote vitatu ni adimu, ukipata viwili shukuru. Zelda kwa mfano maongezi mengi ni ya kusoma tu, sauti inakuja kwenye vipande vya sinema, na vile vipande havikusubiri.

Sasa Pokémon. Kuanzia zile za DS (mashine ya mkononi ya Nintendo) za 2010, Black na White, mchezaji anachagua kana tupu au kanji. Watu wanakwambia chagua kana maana ndo unazozijua. Mimi nakwambia fikiria tena. Kana tupu wanaweka nafasi kati ya maneno sawa, lakini neno kama かみ linaweza kuwa nywele, karatasi au mungu, na kanji ndo ingekuonyesha ni lipi, bila kanji unabaki na sauti peke yake na wewe sauti hizo hujazizoea bado. Mwenyeji anajua kwa mazoea, mwanafunzi anakisia kila mstari. Na ukizoea kusoma kana tupu unachelewa kuingia kwenye kanji ambazo zile rasmi za matumizi ya kawaida ni 2,136, huzikwepi. Sauti ya maongezi hamna, iwe Sword na Shield iwe Scarlet na Violet.

Sisemi Pokémon mbaya. Uzuri wake ni marudio, たたかう (pigana), にげる (kimbia), どうぐ (vifaa), utaziona mpaka uziote, na kama ulishawahi kuicheza kwa Kiingereza stori unaijua hutapotea. Ila ichague kwa sababu hiyo, usiichague kwa sababu ni ya watoto.

Kwa anayeuliza kwa nini gemu nyingi za zamani zilikuwa kana tupu, ni nafasi. Dragon Quest ya kwanza ya 1986 nzima iliingia kwenye kaseti ya kilobaiti 64, hata katakana hawakuweza kuziweka zote wakachagua chache tu na majina ya mazimwi yakatungwa kutokana na hizo. Pokémon za 1996 nazo zilikuwa kwenye Game Boy yenye skrini ya nukta 160 kwa 144, kanji yenye mistari 15 utaichora wapi hapo. Kwaiyo mtu akikushauri ucheze za zamani kwa kuwa ni rahisi, mwambie kilichokuwa rahisi hapo ni uchapaji.

---

Kilindini_Pixel:

Mzee kamaliza upande wa Switch, mimi niongee upande wa hiyo laptopu maana ndo maisha yangu haya, sina konsoli na nimejifunza kwa laptopu ya namna hiyohiyo.

Dada anza na kitu cha bure. Deltarune, demo yake (kipande cha kujaribu) ipo Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, haina malipo, sura mbili nzima, na ina lugha mbili, Kiingereza na Kijapani, unabadilisha kwenye menyu ya mwanzo. Ni gemu ya picha za nukta nukta, laptopu yako itaiendesha vizuri tu. Ndugu yake Undertale ni ya kulipia, bei yake ya kawaida ni dola 10 kasoro senti na mara nyingi inashuka kwenye ofa. Hizi ni gemu za Mmarekani sawa, lakini Kijapani chake kimefanywa kwa upendo, kila mhusika anaongea kivyake mpaka mmoja anaitwa Papyrus maandishi yake yanakuja wima, kutoka juu kwenda chini kama kitabu cha Kijapani. Utapata zoezi la kusoma wima ambalo ukifungua riwaya baadae litakusaidia. Furigana hamna, hilo nikuambie mapema, na herufi za nukta zinabana kidogo kwenye kanji zenye mistari mingi.

Lakini gemu ambayo mimi ningetaka kila mwanafunzi wa Kijapani aifikie ni Gyakuten Saiban, ile inayouzwa nje kama Phoenix Wright: Ace Attorney. Mkusanyiko wa zile tatu za kwanza upo Steam na Switch tangu 2019, ndani yake unachagua Kijapani kwenye mipangilio. Wewe ni wakili, unatetea mtu kesi ya mauaji (damu kidogo, za kutisha hapana usiogope). Maandishi yanasubiri hata ukienda kupika ugali ukarudi yapo palepale. Na sababu ya kuipenda kwa mwanafunzi ni hii, kesi ina maneno yake machache na yanarudi rudi rudi. Bengonin wakili, kenji mwendesha mashtaka, hikokunin mshtakiwa, shonin shahidi, shogen ushahidi wa mdomo, shoko kielelezo. Shahidi akisema uongo una vitufe viwili, yusaburu unambana aeleze zaidi, tsukitsukeru unamwekea kielelezo mezani. Ukimaliza kesi ya kwanza hayo maneno yamekuwa ya kwako, na hukuyakariri, uliyahitaji ili umuokoe mtu.

Tena hapa kusoma nusu nusu hakukubaliki. Kwenye RPG unaweza kubonyeza bonyeza bila kuelewa ukafika mwisho, kwenye hii usipoelewa shahidi kasema saa ngapi alisikia mlio hupiti. Nimeona watu wengi wanasema wanacheza kwa Kijapani kumbe wanaangalia mshale wa kwenye ramani tu.

Kitu kingine kizuri, toleo la Kiingereza limehamishia stori Los Angeles, la Kijapani liko Japani kwenyewe na majina yote ni michezo ya maneno, wakili mwenyewe anaitwa Naruhodo, yaani "ahaa, kumbe". Hata kama uliimaliza kwa Kiingereza hii ni ladha nyingine. Sauti hamna isipokuwa zile kelele za mahakamani, igiari! (napinga!) matta! (subiri!)

Kuhusu kujua kama ina Kijapani, kwenye ukurasa wa gemu pale Steam pembeni kuna jedwali la lugha lenye safu tatu, menyu, sauti kamili, na maandishi ya chini. Usiangalie kama neno Kijapani lipo tu, angalia alama iko safu ipi, kwasababu gemu nyingi zinazouzwa Ulaya na Marekani zina sauti za Kijapani lakini maandishi hamna, na wewe unachotaka hasa ni maandishi. Ukishainunua kama imefunguka kwa Kiingereza bonyeza jina lake upande wa kulia wa mausi, ingia kwenye sifa zake, kuna sehemu ya lugha. Na ukiona haikufai unarudishiwa hela ukiomba ndani ya siku 14 kama hujaicheza zaidi ya saa 2.

---

Mtanga_Fukuoka:

Nipo huku Japani nasoma, ngoja niongeze ya huku.

Kwanza tahadhari ya kununua maana naona ndugu zetu wengi wanaagizia watu wanaokuja huku. Switch ya kwanza haina shida, kaseti ya nchi yoyote inaingia kwenye mashine ya nchi yoyote. DS za mwanzo na Game Boy hivyohivyo. Lakini 3DS imefungwa kwa kanda, kaseti ya Japani inataka mashine ya Japani. Na Switch 2 iliyotoka 2025, huku ilitoka kwa aina mbili, moja kwa yen 49,980 na nyingine kwa 69,980, ile ya bei ndogo ni Kijapani peke yake na inakubali akaunti ya Nintendo ya Japani tu. Kwa mwanafunzi inaweza kuonekana ndo yenyewe, ila ikifika kwako na akaunti yako ya nchi nyingine na gemu zako ulizonunua huko hazitaingia. Ukiagiza taja ni ipi.

Kaseti zilizotumika zimejaa kwenye maduka kama Book Off, bei ziko chini sana hasa za DS na Game Boy Advance. Yo-kai Watch aliyoisema Mzee, ya kwanza ilirudishwa kwenye Switch 2019 lakini ni kwa soko la Japani tu, kwaiyo utaipata huku na sio kwingine.

Duka la mtandaoni la Nintendo la Japani unaweza kuliingia kwa kubadilisha nchi kwenye akaunti, ila tangu Machi 2025 halipokei kadi za benki za nje wala PayPal iliyofunguliwa nje, inabidi vocha za kulipia kabla. Sasa kitu ambacho watu hawakitumii, mle ndani kuna demo za bure tele, zinaitwa taikenban, hazihitaji malipo yoyote. Ni kipande tu cha gemu. Kwa kiwango chako dada demo inatosha kabisa kukuonyesha kama furigana ipo, maandishi yanasubiri, na wahusika wanaongea vipi, kabla hujatoa hata shilingi.

Pili namna wahusika wanavyoongea, hili naliona kila siku. Animal Crossing watu wanaipendekeza sana, na mimi naipendekeza pia, majina ya samaki, wadudu, fanicha, unacheza kidogo kila siku na mchana wake ni mchana wako. Ila kila mnyama ana kijimaneno chake anachobandika mwisho wa sentensi, yule tanuki (mnyama wa Japani) mwenye duka, Tom Nook, anamalizia na danamo. Hakuna mtu mtaani anaongea hivyo. Anayeanza anatafuta kwenye kamusi hakioni anadhani sarufi imempita. Ile ya Shin-chan ya likizo ya kiangazi iliyotoka huku 2021, mtoto anakaa kijijini Kumamoto anashika wadudu na kuvua samaki, nzuri sana kwa moyo na kwa macho, lakini mtoto mwenyewe anajulikana kwa kugeuza maneno ya adabu, akirudi nyumbani yeye ndo anasema okaeri (karibu nyumbani), neno ambalo anatakiwa kuambiwa. Mashabiki wote wa Japani wanajua hilo, wewe usijue ukaliiga.

Na zile gemu za mijambazi ya Tokyo na Osaka, za mfululizo wa Ryu ga Gotoku, mtaa wao wa Kamurocho umechorwa kwa kufuata Kabukicho ya Shinjuku mpaka ukifika pale kwenyewe unajihisi unapajua. Sikio lako litafurahi. Mdomo wako usiifuate. Ukienda ofisini hapa ukasema ore na omae ("mimi" na "wewe" za kihuni) kwa mkuu wako siku haitaisha vizuri. Njia ninayoona inafaa, msikilize kwenye gemu yule anayeongea na mgeni, muuza duka, mhudumu wa hoteli, mwalimu, hao ndo wanatumia desu na masu, ile miisho ya adabu utakayoihitaji, wale mashujaa waelewe tu.

---

Nai_N4:

Mimi niko Nairobi, nitakuwa tofauti kidogo na wenzangu. Hizo sheria za furigana na kusubiri ni nzuri lakini mimi naona cha kwanza ni kuipenda hiyo gemu. Niliacha gemu kadhaa zinazosemwa ni za kiwango changu kwasababu hazikunivuta, halafu Persona 5 ambayo kila mtu aliniambia ni ngumu ndiyo iliyonifikisha N4, kiwango kinachofuata baada ya N5. Furigana hakuna, sentensi ndefu, lakini ni maisha ya mwanafunzi wa shule ndani ya Tokyo, kalenda inaenda siku kwa siku, kuna treni, kuna mtihani darasani, kuna kazi ya jioni, na sehemu ya maongezi ina sauti. Nilikuwa nangoja jioni ifike nione rafiki yangu wa mle ndani atasema nini. Hiyo hamu hakuna orodha itakupa.

Halafu kwa wasio na konsoli kabisa kuna hii njia haijatajwa: jikkyo. Wajapani wanacheza gemu YouTube na wengi wao wanasoma kila mstari kwa sauti. Andika jina la gemu kwa Kijapani na 実況 mbele yake. Yaani ile gemu isiyokuwa na sauti wala furigana mtu anakusomea kanji zote bure, unasimamisha, unarudisha nyuma, na anacheka na kushangaa kwa Kijapani cha kawaida cha siku hizi. Undertale ziko nyingi mno. Kama bundles ni shida weka video kwa ubora wa chini, maandishi ya gemu kama hizo ni makubwa utayaona.

Na kwa mtihani nikuambie, JLPT inapimwa kusoma, kusikiliza, msamiati na sarufi, kuongea hakuna. Kusikiliza ndiko wengi hapa Nairobi wanalia nako. Irabu tano za Kijapani zinakaribiana sana na zetu a e i o u kwaiyo mdomo wetu umeshatangulia, kinachobaki ni kasi, na kasi inatoka kwa sauti nyingi masikioni.

---

Mzee_wa_Kaseti:

Nai nakubaliana na wewe kuhusu hamu, bila hamu hakuna kitu. Ila wewe uliingia Persona ukiwa na sarufi ya kutosha. Mtu wa kanji mia na kidogo akiingia pale leo, hamu itakufa ndani ya wiki kwasababu kila mstari una kanji tano asizozijua na hana pa kuzishika. Hamu nayo inahitaji kulindwa. Acheze anachokipenda kati ya vile vinavyomruhusu kusoma.

---

Nai_N4:

Hapo sawa Mzee, nakubali. Kwa N5 ningeanza na Zelda mimi mwenyewe.

---

Nyota_ya_Kana:

Jamani asanteni mno, sikutegemea majibu ya namna hii. Deltarune naidaunlodi usiku huu, na hiyo ya wakili naisubiri kwenye ofa maana mimi na stori za mahakamani usiniambie. Zelda kaseti yake kaka anayo.

Lakini lile swali la kamusi bado, nyie mnatafutaje maneno? Kila neno? Na gemu kama Deltarune zisizo na furigana nitaisomaje kanji nisiyoijua?

---

Mzee_wa_Kaseti:

Kwa simu ya Android weka Takoboto, kamusi ya bure, inafanya kazi bila intaneti. Kanji usiyojua kuisoma ichore kwa kidole, kibodi ya Gboard ukiongeza Kijapani ina sehemu ya kuandika kwa mkono. Ichore hata vibaya itakuletea. Na kuchora kuna faida yake, kanji uliyoichora haipotei kirahisi kama uliyoipiga picha. Google Lens nayo ipo, ila kwenye herufi za nukta nukta inasoma vibaya mara nyingi, kwenye Zelda ndo inaona vizuri.

Kuhusu kila neno, hapana. Ile jioni uliyolala na mwanakijiji mmoja ndo inavyoua watu. Mimi nasoma mazungumzo yote kwanza bila kugusa simu, nikijua nani anaongea na anataka nini naendelea. Neno natafuta kwa sababu mbili tu, limenizuia kuelewa naambiwa niende wapi, au nimeliona linarudi mara ya tatu. Neno lililotokea mara moja likaondoka liache liondoke, kama lina kazi litarudi. Yanayorudi ndo naweka Anki, programu ya kadi za kukariri, na naliweka na sentensi nzima ya kwenye gemu pamoja na picha ya skrini, sio neno peke yake. Switch ina kitufe cha kupiga picha skrini, tumia hicho, ukimaliza kucheza ndo unakaa na zile picha taratibu.

Saa ya mwanzo ya gemu yoyote ndo mbaya kuliko zote, maana inakupa majina ya falme, miungu, vita vya zamani, maneno ambayo hata Mjapani anayasoma mara ya kwanza. Usiipime gemu kwa hiyo saa. Ukifika pale unapoingia kijijini ukanunua dawa na upanga, hapo ndo uipime.

---

Kilindini_Pixel:

Naongezea ya laptopu. Ukifikia kiwango cha visual novel, zile gemu ambazo ni hadithi yenye picha na sauti, kuna programu inaitwa Textractor inayanyonya maandishi ya gemu na kuyapeleka kwenye brausa, pale unaweka Yomitan, kamusi ya ndani ya brausa, ambayo ukipitisha mausi juu ya neno inakupa maana na usomaji. Kamusi zake unazishusha mara moja tu, baada ya hapo bando hailiki. Ila usianze nayo sasa hivi. Ikikupa jibu kabla hujajaribu kusoma mwenyewe utajikuta umemaliza hadithi nzima na kanji hujashika. Ichukue ukiwa na kanji kama mia nne tano hivi.

Na kwa sarufi yenyewe kuna chaneli ya YouTube ya Game Gengo, anafundisha sarufi ya N5 yote kwa mifano iliyokatwa kutoka kwenye gemu, sentensi inasomwa na mhusika halafu anaieleza. Inaelezwa kwa Kiingereza. Ile te-form inayokusimamisha iangalie mle.

---

Nyota_ya_Kana:

Nimeelewa sana. Swali la mwisho wakuu, hiyo Zelda ya kaka ni kaseti iliyonunuliwa Dubai, ina Kiingereza, je inabidi ninunue ya Japani? Na kama siku nikijaribu Pokémon nikaanza na Kiingereza naweza kuhamia Kijapani katikati?

---

Mtanga_Fukuoka:

Breath of the Wild hiyohiyo ya Dubai ina Kijapani ndani, usinunue nyingine. Nenda mipangilio ya Switch, sehemu ya mfumo, lugha, chagua 日本語 (Kijapani), mashine itajizima na kuwaka, ukifungua gemu itakuwa Kijapani. Menyu zote za mashine nazo zitageuka, kwaiyo kabla hujabadilisha kariri ile sehemu ya lugha ni ya ngapi kutoka juu ili ujue pa kurudi. Mimi nakushauri uiache tu hivyohivyo, 設定 (mipangilio) na 電源 (umeme) utazisoma kila siku unapowasha.

Pokémon lugha unaichagua mwanzo kabisa wa safari, kwenye Sword na Shield na Scarlet na Violet huwezi kugeuza Kiingereza kuwa Kijapani katikati, inabidi ufute uanze upya. Kwaiyo ukianza anza na Kijapani, na mimi kama Mzee, chagua kanji.

---

Nyota_ya_Kana:

Sawa mkuu, ndo naibadilisha hapa. Imewaka, 設定 nimeiona.

---

Mzee_wa_Kaseti:

Vizuri dada. Ukitoka kwenye lile pango la mwanzo utamkuta mzee amekaa kwenye moto, ongea nae zaidi ya mara moja, anaongea kizee sana, anatumia washi (mimi) na ja (ni), utakutana nayo kwa wazee wengi wa kwenye gemu za Kijapani kwaiyo ushike mapema. Ukikwama kwenye mstari wowote weka picha hapahapa tuusome wote.